Kinyonga wa Mlima Wetu na Hesabu ya Uwakili

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Ibada ilikuwa imekwisha na mnada ulikuwa ukiendelea nje ya kanisa. Mkungu wa ndizi ulikuwa umefika bei mara tatu ya ile ya sokoni, na watu walikuwa wakishangilia, maana walijua wanamtolea Mungu. Pembeni, karibu na ua, watoto wetu wa shule ya Jumapili walikuwa wamemzunguka kinyonga. Alikuwa dume mkubwa, mwenye pembe mbili bapa mbele ya pua. Mtoto mmoja aliokota jiwe, mwingine fimbo. Sisi wazazi wao tulikuwa hatua chache tu kutoka pale, na tuliwaona. Mzee mmoja alicheka, akawaambia wammalize, kwa kuwa huyo ndiye aliyechelewa njiani hata mauti ikatufikia wanadamu. Mnada ukaendelea.

Saa moja kabla ya hapo tulikuwa tumesimama ndani ya kanisa tukimshukuru Muumba wa vitu vyote.

Wapendwa, makala hii imetokana na aibu ya siku ile. Hatuandiki ili kuwasema watu wa mbali, wala hatuandiki kama wataalamu wa wanyama. Tunaandika kama washarika tunaoishi katika milima ya Usambara Mashariki, tunaolima chini ya msitu, kunywa maji yake na kuchoma kuni zake. Neno letu ni moja: kiumbe ambaye Mungu hakumweka mahali pengine popote duniani amewekwa mikononi mwetu, na sisi tunamtupa. Siku ya kutoa hesabu hatutaweza kusema lilikuwa jukumu la usharika mwingine, kwa maana usharika mwingine haunaye.

Ni vema kwanza tumfahamu tunayemzungumzia. Kinyonga yule wa pembe mbili bapa anaitwa na wanasayansi Kinyongia matschiei. Kwao ni Usambara Mashariki tu. Hayupo Kilimanjaro, hayupo Uluguru, hayupo Ulaya isipokuwa amebebwa. Jina la kwanza, Kinyongia, ni neno letu la Kiswahili, kinyonga. Mwaka 2006 wataalamu walipotaka jina la ukoo huu wa vinyonga wa misitu ya Afrika, walilichukua kutoka midomoni mwetu. Naye si peke yake. Katika msitu huu huu yuko ndugu yake, Kinyongia vosseleri, na wako vinyonga wadogo wanaoweza kukaa juu ya kidole cha mtoto. Baada ya Madagaska, hakuna nchi yenye aina nyingi za vinyonga kama Tanzania. Na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, limewaweka hawa wawili wa ukoo wa Kinyongia katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Sababu haina fumbo. Kinyonga huyu ni wa msitu wenye unyevu. Jike hutaga mayai, naye hushuka kutoka mtini akayafukie ardhini. Msitu ukikatwa, hawezi kuruka kama ndege kwenda mlima mwingine, wala kukimbia kama digidigi. Mwendo wake tunaujua. Akifika ukingoni mwa shamba la chai au mahindi, mbele yake ni kama bahari. Kila kipande cha msitu kinachokatika huwa kisiwa, na kila kisiwa kinachopungua hupunguza walio ndani yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tazameni jinsi mali hii ilivyokosa daftari. Kwa miaka mingi vinyonga wa pembe mbili wa milima yetu walikuwa wakisafirishwa kwenda kuuzwa nje kama wanyama wa kufugwa majumbani, na wote waliitwa kwa jina moja, kinyonga wa Fischer. Ilikuwa mwaka 2008 ndipo wataalamu walipowatenganisha na kuonyesha kwamba lile jina moja lilifunika aina kadhaa. Aliyestahili jina la Fischer ni wa milima ya Nguru. Wa kwetu ni mwingine, na wa Usambara Magharibi ni mwingine tena. Kwa hiyo kiumbe wa mlima wetu alikuwa akihesabiwa kwa jina la jirani. Ni mwenye duka gani anayeweza kujua bidhaa imekwisha, ikiwa kila anapouza anaandika jina la bidhaa nyingine?

Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Tulidhani mambo yamekwisha. Lakini Januari 2021 maofisa wa forodha wa Austria walitangaza kwamba katika uwanja wa ndege wa Vienna walimkamata msafiri akiwa na vinyonga 74. Walikuwa wamefichwa ndani ya soksi na makopo matupu ya aisikrimu. Walikuwamo wakubwa, na walikuwamo wachanga wa wiki moja. Watatu hawakupona. Walikuwa wametoka Tanzania, kwenye milima ya Usambara. Thamani yao katika soko la magendo ilikadiriwa kuwa makumi ya maelfu ya yuro.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama, wapendwa, maana ni rahisi kumlaani yule mwenye soksi na kumaliza habari. Mtu wa Ulaya hapandi mlima wetu usiku bila mwenyeji. Hajui njia. Anayejua ni kijana wetu. Usiku kinyonga hulala kwenye ncha ya tawi, rangi yake ikiwa imefifia, na mwanga wa tochi humwonyesha mara moja. Kijana mwenye tochi na mfuko anaweza kuwachuma kama machungwa. Asubuhi dalali anafika.

Tunakiri jambo. Wakati fulani kijana alisimama mbele ya usharika wetu kutoa sadaka ya shukrani, akasema Bwana amemfungulia biashara mpya. Tulipiga makofi. Tulimwekea mikono, tukaomba biashara ile ikue. Hakuna aliyemwuliza ni biashara gani, ingawa baadhi yetu tulikwisha kuiona tochi yake na mfuko wake. Tulimwomba Mungu abariki uporaji wa kazi ya mikono yake mwenyewe, tukasema amina.

Tunakiri na la pili. Tulipojenga kanisa, zipo mbao zilizofika usiku. Hazikuwa na risiti wala kibali, na bei yake ilikuwa nzuri mno. Kamati ilishukuru. Leo tunakaa chini ya paa lile tukisikiliza mahubiri juu ya bustani ya Edeni, na juu ya vichwa vyetu kuna ushahidi.

Tunajua majibu yanayotolewa tunaposema haya, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tukiyatoa wenyewe. Tuyatazame moja moja.

Wa kwanza husema kinyonga ni mnyama wa mkosi. Ile hadithi ya wazee, kwamba alitumwa kuleta ujumbe wa uzima akachelewa, ndiyo bado inayoongoza mikono ya watoto wetu. Tunauliza: tulipobatizwa, tulikataa nini? Mkristo anajua mauti iliingiaje ulimwenguni. Mtume Paulo analieleza wazi katika Warumi sura ya 5, naye hamtaji kinyonga. Anamtaja mtu. Kumpiga mawe mnyama kwa kosa la Adamu ni kutafuta wa kumtwika dhambi yetu, na yupo mmoja tu aliyeichukua. Tunawakemea waganga kwa hirizi, kisha tunamwogopa mjusi wa mtini. Huo ni ushirikina uliovaa nguo ya Jumapili.

Wa pili husema kinyonga ni najisi kwa mujibu wa Torati. Ni kweli Mambo ya Walawi sura ya 11 inawataja watambaao wa namna hiyo. Lakini inazungumzia kula na kugusa mizoga. Haikutoa amri ya kuwafuta duniani. Someni Mwanzo sura ya 7: Nuhu aliagizwa kuingiza safinani wanyama walio safi na wasio safi pia. Kama najisi hakuwa na haki ya kuishi, kwa nini Mungu alimtengea nafasi? Na baada ya gharika, katika Mwanzo sura ya 9, agano halikufanywa na Nuhu na wanawe peke yao. Lilifanywa na kila kiumbe hai kilichotoka katika safina. Upinde ule tunaouonyesha watoto mvua ikikatika ni wa kinyonga pia.

Wa tatu husema kinyonga ni mfano wa unafiki, kigeugeu, na wahubiri wetu wamemtumia hivyo kwa miaka mingi. Nasi tunawaomba wahubiri wetu wapumzike na mfano huo, kwa sababu si wa kweli. Kinyonga habadiliki rangi ili afanane na kila anachokikalia. Hubadilika kwa joto na baridi, kwa hofu, kwa hasira, na kwa kuwasiliana na kinyonga mwenzake. Rangi yake hutangaza hali yake ya ndani. Sisi tunaoimba habari za Muumba saa nne na kununua mbao za wizi saa nne usiku, rangi yetu inatangaza nini?

Wa nne husema dunia hii itateketezwa, kwa hiyo kazi ya kanisa ni roho za watu tu. Wanataja 2 Petro 3. Sawa, tunaiamini siku ya Bwana. Lakini mpangaji anayejua mwenye nyumba anakuja hachomi milango. Na Ufunuo 11:18 inasema nini juu ya wale waiharibuo nchi? Inasema wao ndio watakaoharibiwa. Anayengoja kurudi kwa Bwana huku akiharibu kazi ya Bwana hajui anachokingoja.

Wa tano ndiye tunayemheshimu zaidi, maana hasemi kwa kejeli. Husema: ninyi mnahesabu vinyonga, mimi nahesabu ada ya mtoto. Mnataka mnyama awe juu ya mtu. Ndugu yetu huyu ana haki ya kusikilizwa. Katika milima hii uhifadhi umewahi kuja kwa mkono mzito. Wakulima waliokuwa na iliki chini ya miti ya Derema waliondolewa ili ushoroba wa msitu uunganishwe, na ingawa ilitolewa fidia, wapo waliobaki na uchungu juu ya namna walivyolipwa na ardhi waliyoipoteza. Kanisa lisilosikia kilio hicho halina ruhusa ya kuhubiri juu ya msitu. Mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Hatulifuti neno hilo ili kumpendeza mtu yeyote.

Lakini ndugu, hebu tuhesabu pamoja. Katika biashara ya kinyonga, nani hula nyama na nani huramba sahani? Kijana apandaye usiku hupata kidogo kuliko wote. Akikamatwa, yeye ndiye alalaye mahabusu, dalali amekwisha kuzima simu. Mwakani vinyonga wakiisha katika bonde lake, ada ya shule itatoka wapi? Na msitu unaokatwa ndio uleule unaolisha mto Zigi, ambao maji yake huteremka hadi mji wa Tanga. Wanaokunywa ni watoto wa watu. Kinyonga na mtoto wa mkulima hawapo katika mizani miwili inayopingana. Wote wawili wanaishi kwa msitu mmoja, na anayewapora ni yuleyule.

Zaidi ya hayo, Bwana Yesu mwenyewe aliwahi kusema juu ya viumbe wadogo wauzwao sokoni. Katika Luka 12:6 anawataja shomoro watano wanaouzwa kwa senti mbili, na anafundisha kwamba hata mmoja wao hasahauliki mbele za Mungu. Mwalimu wetu alijua bei ya shomoro. Alisimama mbele ya watu maskini, walionunua nyama ya bei ya chini kuliko zote, na hakuwaambia kwamba kilicho rahisi sokoni ni rahisi mbinguni. Ni kweli aliongeza kwamba sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Hakusema kwamba kwa sababu hiyo shomoro si kitu. Torati pia, katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, inamruhusu mtu aliyekuta kiota achukue makinda, lakini amwache mama aende zake. Ni sheria ndogo ya watu wenye njaa, nayo inasema: chukua, lakini usiung'oe mzizi. Sisi tumewachukua mama, makinda na mti wenyewe.

Kazi ya kwanza aliyopewa mwanadamu, kwa mujibu wa Mwanzo 2:15, ilikuwa kuilima bustani na kuitunza. Mambo mawili, si moja. Kulima tunajua. Kutunza tumewaachia watu wenye magari ya miradi, kisha tunalalamika kwamba msitu ni wa Wazungu. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na hifadhi ya msitu wa asili ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Lakini kinyonga alikuwapo kabla ya Mjerumani, kabla ya chai na kabla ya mradi. Mwenye nchi ametajwa katika Zaburi ya 24, naye si mfadhili. Ni Bwana.

Basi tufanye nini? Hatutaki makala hii iishie katika kuguswa moyo. Tunayapeleka mbele ya kila halmashauri ya usharika iliyo chini ya msitu mambo manne, na tunaomba yaandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Kwanza, fedha ya kinyonga isipokelewe madhabahuni. Kijana akija na shukrani, mzee wa kanisa amwulize kwa upendo kazi yake ni ipi. Akikataliwa sadaka, asikataliwe yeye. Asaidiwe kupata mtaji wa nyuki, kuku au miche, kutoka mfuko uleule tunaochangia ujenzi. Kumkemea bila kumpa mkono ni nusu ya Injili.

Pili, jengo lolote la kanisa lijengwe kwa mbao zenye kibali na risiti, hata kama paa litachelewa miaka miwili. Haraka haraka haina baraka, na paa la wizi halina.

Tatu, walimu wa shule ya Jumapili na wa kipaimara wawafundishe watoto viumbe wa mlima wao kwa majina. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayejua simba wa Danieli na samaki wa Yona, asimjue kinyonga wa nyuma ya nyumba yao, tumemfundisha kwamba Mungu aliumba mbali tu.

Nne, viongozi wetu wasimame na wanakijiji wanapodai haki yao kutoka kwa wahifadhi, na wasimame na msitu pale wanakijiji sisi tunapoukosea. Kanisa linalosema upande mmoja tu litakuwa limenunuliwa, ama na mradi ama na dalali.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo kwa kanisa lenye kazi kubwa. Tunawakumbusha wakili wa Luka 16, aliyeitwa kutoa hesabu kwa mali ya bwana wake. Hakuulizwa juu ya mali ya watu wengine. Aliulizwa juu ya ile aliyokabidhiwa. Usharika wa Mwanza hautaulizwa habari za kinyonga wa Usambara Mashariki, wala usharika wa Ujerumani. Tutaulizwa sisi.

Yule kinyonga wa Jumapili ya mavuno alikufa. Mnada ulipokwisha tulimkuta chini ya ua, jicho moja bado limefunguka, rangi yake imekuwa nyeusi. Mtoto mmoja mdogo, ambaye hakurusha jiwe, alikuwa amechuchumaa kando yake. Alituuliza kama Mungu anaweza kutengeneza mwingine. Tulikohoa, tukamshika mkono, tukamwambia twende nyumbani chakula kinapoa.

Mtoto yule bado anangoja jibu. Tukimwambia ndiyo, Mungu anaweza, tutakuwa tumesema kweli. Lakini tutakuwa tumemficha nusu ya pili: kwamba Mungu alikwisha kumtengeneza, akamweka hapa, akatupa sisi tumtunze. Jumapili ya mavuno ijayo, kabla ya mnada kuanza, mmoja wetu na aende pale uani akasimame na watoto.